Jinsi ya kuielezea jenasi mpya ya kunguni wa mimea (Miridae) bila kurudishiwa rasimu: mwongozo kamili

Rasimu nyingi zinakwama palepale. Mtu kaenda msitu wa Amani au wa Kakamega, karudi na kamdudu ka milimita nne ambako hakafanani na kitu chochote anachokijua, akakapiga picha nzuri, akakatafutia jina zuri, alafu wahakiki wa jarida wanamrudishia na swali moja tu: kwa nini hii ni jenasi mpya na sio spishi mpya ndani ya jenasi iliyopo? Na hapo hana jibu, kwa sababu kazi yote aliifanya kwenye mdudu wake peke yake, wale wengine hakuwaangalia.

Kwaiyo shika hili kabla ya yote. Ukielezea spishi unasema "huyu ni tofauti", ila ukielezea jenasi unasema "huyu anakaa hapa, karibu na wale, na hawezi kukaa ndani yao". Ni kazi ya ulinganisho. Historia ya hawa wadudu naiacha, twende kwenye vifaa.

## Vitu vya kuwa navyo

Vibali. Kenya ni NACOSTI (tume ya sayansi) na KWS (shirika la wanyamapori), Tanzania ni COSTECH (tume ya sayansi) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), na ukiingia msitu wa hifadhi kuna ruhusa ya wenye msitu pia. Kama vielelezo vitatoka nje ya nchi, ulizia mapema kibali cha kusafirisha na makubaliano ya kugawana manufaa chini ya Itifaki ya Nagoya. Majarida saivi yanadai namba ya kibali na hakuna njia ya kuipata kwa kurudi nyuma.

Vya porini. Wavu wa kufagia majani, kitambaa cheupe cha kutandaza chini ya tawi unalolipiga, kifyonzeo cha kunyonyea wadudu wadogo, chupa ya kuulia yenye ethili aseteti na vipande vya tishu ndani, taa ya mtego wa usiku, ethanoli ya 95% kwa ajili ya DNA, magazeti na kibao cha kukandamizia mimea, na GPS au simu inayosoma majira ya mahali (latitudo na longitudo) vizuri.

Vya mezani. Hadubini ya kuangalia mdudu mzima, na ile ya slaidi inayofika mara 400. KOH (potasiamu hidroksidi), gliserini, maji yaliyochujwa, koleo zenye ncha kali, pini ndogo kabisa za minuten zilizogandishwa kwenye vijiti, pini za wadudu, kadi nyeupe ngumu, gundi inayoyeyuka kwa maji, vichupa vidogo vya kuchomekwa kwenye pini, kamera.

Vya kusoma. Kodi ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, yani kitabu cha kanuni za kuwapa wanyama majina, toleo la 4 lililoanza kutumika mwaka 2000, inasomwa bure mtandaoni. Pamoja na hiyo unahitaji katalogi ya Miridae ya dunia ya Randall Schuh, nayo ipo mtandaoni. Familia hii ina spishi zaidi ya 11,000 zilizokwishapewa majina, usijaribu kuzishika kichwani.

## Hatua ya 1: Mkusanye pamoja na mmea wake

Piga matawi, fagia majani, washa taa usiku. Taa inaleta madume wengi na madume ndo utakaowahitaji sana huko mbele, ila mdudu wa taa hana mmea, hujui katoka wapi. Kwaiyo mchana rudi ukapige miti moja moja, mti wa aina moja na chupa yake, usichanganye.

Ukimpata mdudu mzima juu ya mmea usiandike haraka kwamba ndo mmea wake, pengine alipita tu. Ukikuta na watoto wake (tunutu) kwenye tawi hilohilo, hapo una ushahidi. Kata tawi lenye maua au matunda, likandamize, lipe namba inayolingana na ya mdudu, peleka kwa watu wa hebaria (wanaotunza mimea iliyokaushwa) wakutajie jina. "Kichaka kisichojulikana" kwenye makala ya jenasi mpya inauma kuisoma.

Onyo: miguu na vipapasi vya Miridae vinakatika kirahisi mno. Usijaze chupa, weka tishu ndani, watoe mapema. Mdudu aliyetoka kujivua gamba ni laini na rangi yake haijakomaa, huyo kamwe asiwe holotaipu, yani kile kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi.

Umefaulu kama una madume kadhaa na majike kadhaa kutoka sehemu moja, wengine wamekauka kwenye pini, wengine wako kwenye ethanoli, na kila mmoja ana lebo ya nchi, mahali, majira, mwinuko, tarehe, mkusanyaji na mmea. Una jike mmoja tu? Subiri. Najua inauma lakini subiri.

## Hatua ya 2: Mbandike vizuri, alafu hakikisha kweli ni Miridae

Kata kadi iwe pembetatu ndogo nyembamba, chovya ncha kwenye gundi, mguse mdudu ubavuni upande wa kulia. Gundi kidogo, na iwe ya kuyeyuka kwa maji ili siku moja mtu aweze kumbandua. Ukimlaza kifudifudi kwenye gundi umeshafunika miguu, mdomo na tezi ya harufu, yani umezika nusu ya alama unazozihitaji.

Sasa angalia hivi vitu:

- Vipapasi vina pingili nne, na mdomo wa kunyonya nao pingili nne.
- Bawa la mbele, pale sehemu ngumu inapoishia, lina kipande cha pembetatu kinachotengwa na mkato. Hiyo ndo kuneasi.
- Sehemu laini ya bawa baada ya hapo ina vyumba viwili vilivyofungwa na mishipa, wakati mwingine kimoja.
- Hakuna vijicho vidogo vya ziada katikati ya macho makubwa, isipokuwa kwa Isometopinae.
- Mapaja ya miguu ya kati na ya nyuma yana nywele ndefu za hisi zinazotoka kwenye vishimo, trikobothria. Hizi zinataka mwanga wa pembeni na subira.

Kuneasi peke yake haitoshi, kuna ndugu zao wengine wanayo. Kama mdudu wako ana mabawa mafupi yasiyo na sehemu laini, na majike wengi wa Miridae wako hivo, basi zile trikobothria ndo mkombozi wako.

## Hatua ya 3: Mweke kwenye familia ndogo kwa kuangalia kucha

Watu wengi wanaruka hii hatua kwa sababu kucha ni ndogo na hadubini inachosha macho. Usiruke. Kata mguu mmoja, uweke kwenye gliserini juu ya slaidi, angalia kati ya kucha mbili: kuna vijitu viwili vinaitwa parempodia, na umbo lake linagawa familia nzima.

Zikiwa nyembamba kama unywele uko kwa Phylinae au Deraeocorinae. Deraeocorinae kawaida wana jino kwenye shina la kucha na kola ya mviringo nyuma ya kichwa. Zikiwa pana na za nyama na ncha zake zinaelekeana, fikiria Orthotylinae, zikiwa za nyama lakini ncha zinaachana, na kola ipo, hao ni Mirinae. Kucha ndefu nyembamba kwa mdudu anayepatikana kwenye magogo na uyoga, anza na Cylapinae. Bryocorinae ni kundi lenye mchanganyiko mkubwa, na ndimo alimo Helopeltis, yule mbu wa mikorosho anayewatesa wakulima wa Mtwara na Lindi. Huyo utamjua kwa mwiba unaosimama wima mgongoni kwenye skutelo (kile kipembetatu kati ya mabawa).

Kwa nini tunahangaika hivi? Kwa sababu rangi na umbo la nje zinadanganya vibaya sana humu ndani. Kuna Miridae wanaoiga sisimizi, kiuno kimebanwa kabisa, na hilo umbo limetokea kwenye makundi tofauti yasiyo na undugu wa karibu. Mtu anaona kisisimizi cha ajabu anaruka "jenasi mpya!", anamlinganisha na waigaji sisimizi wengine, kumbe ndugu zake halisi ni vijitu vya kijani visivyo na mvuto wowote.

Umefaulu kama unaweza kutaja familia ndogo na kabila lake (kundi lililo kati ya familia ndogo na jenasi) kwa alama za mwilini, bila kutaja rangi hata mara moja.

## Hatua ya 4: Pasua dume

Bila via vya uzazi vya dume hakuna jenasi mpya ya Miridae siku hizi, na hapa hakuna mjadala.

Lainisha mdudu kwanza, mweke kwenye kisanduku chenye unyevu mpaka viungo vilegee. Toa tumbo lote kwa pini mbili, moja inashika moja inavuta taratibu. Liweke kwenye KOH ya 10%, yani gramu 10 kwenye maji ya kufika mililita 100, pasha moto wa wastani bila kuchemsha. Chungulia kila baada ya dakika chache. Misuli ikishayeyuka na tumbo likaanza kupitisha mwanga toa, osha kwa maji yaliyochujwa, hamishia kwenye gliserini.

Onyo la afya: KOH inaunguza ngozi na macho. Vaa glavu na miwani, tia KOH kwenye maji na sio maji kwenye KOH, usitumie chombo cha alumini. Na usikiache kwenye moto ukaenda kupokea simu, maana ikizidi, zile sehemu laini zinalegea mpaka huoni kitu.

Kwenye gliserini sasa fungua kile kikopo cha mwisho wa tumbo, pigofori. Utaona parameri mbili (vishikio vya pembeni), kulia na kushoto, na hazifanani, ya kushoto kwa kawaida ndo kubwa. Zitoe, ziangalie kwa pande zaidi ya moja, kwa sababu parameri ikilala vibaya inaonekana kitu kingine kabisa. Katikati kuna uume wenyewe. Kwa Phylinae endosoma yake (sehemu ya ndani ya uume) ni ngumu, imejikunja kama herufi S au J. Kwa Mirinae ni mfuko laini wenye vipande vigumu ndani, na huo unatakiwa uvimbishwe ndo uone vipande vimekaaje.

Majike nao wapasue, angalia zile pete ngumu mbili kwenye mfuko wa kupokelea na ukuta wa nyuma wake. Zinasaidia sana pale madume yanapobana kutoa jibu.

Kila ulichopasua kinaingia kwenye kichupa cha gliserini kinachochomekwa kwenye pini ya mdudu yuleyule. Tumbo likitengana na mwenyewe limekufa kisayansi.

## Hatua ya 5: Jenasi mpya au spishi mpya tu?

Hapa kaa sana, hapa ndo rasimu zinapofia.

Fungua eksel. Mistari iwe jenasi zote za kabila lako, sio za Afrika tu, weka na za Madagaska, Asia na popote pale kwenye tropiki. Safu ziwe alama: parempodia, kola, kichwa, urefu wa pingili za vipapasi, aina ya nywele za mgongoni, mdomo wa tezi ya harufu, parameri, endosoma. Jaza kutoka kwenye maandiko ya asili, sio kwenye funguo tu (zile orodha za maswali za kumtambulia mdudu), maana ufunguo uliotengenezwa kwa wadudu wa Ulaya au Marekani utakutupa porini ukiuwekea mdudu wa Usambara. "Haingii kwenye ufunguo" sio sababu ya kutangaza jenasi.

Kwa Afrika Mashariki utakutana mara nyingi na maandiko ya Thomas Odhiambo ya miaka ya 1950 na 1960. Ndiyo, ni yuleyule Mkenya aliyekuja kuanzisha ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, mwaka 1970, kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi Uganda. Michoro yake isome kwa makini kabla hujasema hakuna aliyewahi kuona kitu chako.

Alafu tafuta vielelezo vyenyewe. Anza na Makumbusho ya Taifa ya Kenya pale Nairobi, ila vielelezo vingi vya asili vya Miridae wa Afrika viko Ulaya, London na Tervuren kwa mfano. Waandikie watunzaji imeili fupi, taja jenasi gani unataka kulinganisha na alama gani unataka kuona, omba picha kama hawaazimishi. Ukiwaambia "naomba picha za Miridae wenu wote" usitegemee jibu.

Ukishajaza jiulize maswali matatu, na uyajibu kwa maandishi:

Moja, ndugu zake ni nani? Taja alama anazoshiriki nao ambazo wengine wa kabila hawana. Kama hujui ndugu zake hujui kama ni jenasi.

Mbili, ana nini cha kwake peke yake? Ukubwa na rangi usiziwekee uzito. Bawa fupi pia hapana, hilo linaweza kutofautiana hata ndani ya spishi moja. Tafuta mchanganyiko wa alama za nje na za uzazi, na angalau moja iwe kitu kipya kabisa ambacho ndugu zake hawana.

Tatu, ukimtoa, jenasi ya zamani inabaki nzima? Hili ndo swali lisiloulizwa. Kama mdudu wako ni ndugu wa karibu wa spishi fulani iliyo ndani ya jenasi ya zamani kuliko spishi hiyo ilivyo na wenzake, basi ukimpa jenasi yake umewaachia wengine jenasi iliyokatwa vipande. Suluhisho hapo linaweza kuwa kuipanua ile ya zamani, au kuihamisha na ile spishi iingie kwenye jenasi yako mpya.

Na DNA? Kipande cha jeni ya COI cha herufi 658 hivi za DNA kinakusaidia kuunganisha dume na jike wasiofanana, au tunutu na wazazi wake, na hapo kina thamani kubwa. Lakini hakuna asilimia ya tofauti ambayo ukiivuka umepata jenasi. Anayekwambia ipo muulize ameitoa wapi. Ukiwa na jeni kadhaa na ndugu wa kutosha kwenye mti wa ukoo hapo sawa, huo ni ushahidi.

Umefaulu kama unaweza kuandika bila kusitasita: jenasi hii iko kwenye kabila hili kwa sababu ya A na B, inafanana zaidi na X kwa C, inatofautiana na X kwa D, E na F. Ukikwama kwenye D, ielezee kama spishi mpya ndani ya X. Hakuna aibu, na ni rahisi zaidi kwa anayekuja baadaye kuihamisha kuliko kuifuta jenasi yako.

## Hatua ya 6: Jina

Jina la jenasi liwe nomino ya umoja, au lichukuliwe hivo, kwa herufi za Kilatini, na liwe halijatumika kwa jenasi ya mnyama mwingine yeyote, awe samaki, konokono au kisukuku. Tafuta kwenye ZooBank (sajili rasmi ya mtandaoni ya majina ya wanyama), kwenye Nomenclator Zoologicus (orodha ya majina ya jenasi) na kwenye katalogi. Herufi moja ikitofautiana Kodi inakubali, ila usifanye hivo, utawasumbua watu bure.

Sema jinsia ya jina waziwazi. Ukitumia neno la Kiswahili au Kishambaa, ambalo sio Kilatini wala Kigiriki, jinsia unachagua mwenyewe na kuiandika, na jina la spishi likiwa kivumishi cha Kilatini lazima lifuate. Sisi wenye ngeli hatuna haki ya kulalamika hapa. Ritifaa hairuhusiwi, kwaiyo neno lenye ng' linapoteza kile kialama.

Usilitaje jina mitandaoni wala kwenye muhtasari wa kongamano kabla ya kuchapisha. Haihesabiki kama uchapishaji, inazalisha tu jina lisilo na maelezo ambalo litazunguka bila mwenyewe.

## Hatua ya 7: Kuandika

Sehemu ya jenasi iende kwa mpangilio huu: jina likifuatiwa na "gen. nov." (jenasi mpya), spishi ya mfano (ile inayobeba jina la jenasi), alama tofautishi, maelezo kamili, asili ya jina, spishi zilizomo, mtawanyiko na mimea, alafu mjadala wa undugu. Baada ya hapo spishi nayo ipate sehemu yake, yenye "sp. nov." (spishi mpya).

Spishi ya mfano. Majina ya jenasi yaliyochapishwa baada ya 1930 hayana uhai bila kutajwa spishi ya mfano ndani ya chapisho lenyewe. Hata kama spishi ni moja tu itaje waziwazi. Mstari mmoja huu ukisahaulika kazi yote haitambuliki.

Alama tofautishi ni fupi, ni zile tu zinazomtenga na ndugu zake, na ndugu watajwe kwa majina. Maelezo kamili ni marefu na yanaenda kwa mpangilio uleule wa mwili, kichwa mpaka via vya uzazi. Watu wanachanganya, wanaweka aya mbili zinazosema kitu kimoja. Na usirundike alama za kabila zima ndani ya alama tofautishi, "kuneasi ipo" haimtofautishi Miridae na Miridae.

Spishi: holotaipu moja itajwe, na makumbusho itakapokaa yatajwe. Toa vipimo kwa milimita, madume peke yake na majike peke yake, kiwango cha chini na cha juu: urefu wa mwili, upana wa kichwa, nafasi kati ya macho, kila pingili ya kipapasi, pronoto (gamba la juu nyuma ya kichwa). Lebo zinukuu kama zilivyoandikwa.

Kodi haikulazimishi lugha fulani. Majarida mengi yanataka Kiingereza, lakini muulize mhariri kama unaweza kuongeza muhtasari wa Kiswahili kwa ajili ya watu wa vijiji vya jirani na ule msitu.

## Hatua ya 8: Picha

Mdudu mzima kwa juu, dume na jike, kwa picha nyingi zilizounganishwa ili pote pawe wazi. Uso, ubavu, tezi ya harufu, kucha. Parameri zote mbili na endosoma, hizi chora kwa mistari hata kama una picha, mchoro unaonyesha mipaka ambayo gliserini inaificha. Kila kimoja na mstari wa kipimo. Kama kuna chuo kitakuazimisha hadubini ya elektroni kwa kucha na tezi, nenda, ila kukosa sio mwisho wa safari.

## Hatua ya 9: Kuweka, kusajili, kuchapisha

Holotaipu ipate lebo nyekundu na iende makumbusho inayopokea watafiti, sio kabatini kwako. Gawa parataipu (vielelezo vingine ulivyovitaja pamoja na holotaipu) makumbusho zaidi ya moja, na sehemu ibaki nchi ilikotoka.

Kama jarida ni la mtandaoni tu, makala lazima isajiliwe ZooBank kabla ya kutoka, na ushahidi wa usajili uonekane ndani ya makala yenyewe. Majarida ya maana yanafanya hivi kwa mazoea, ya matapeli hayajui hata ZooBank ni nini. Kuhusu hela, European Journal of Taxonomy haitozi mwandishi, na Zootaxa haitozi kama hutaki makala iwe wazi kwa wote.

Prufu ikirudi usiisome kama hadithi. Tafuta kwa kompyuta jina la jenasi, moja baada ya jingine, kwenye kichwa, muhtasari, maandishi ya picha na majedwali. Tahajia zikitoka mbili ndani ya makala moja, atakayekuja kuchagua ipi ni sahihi anaweza kuwa mtu mwingine kabisa na uchaguzi wake ukasimama. Alafu hakikisha tena mstari wa spishi ya mfano upo, namba ya ZooBank ipo, na jina la makumbusho ya holotaipu halijaangukia kwenye ukurasa uliofutwa na mpangaji.